Namna ya Kuikataa Albamu Mpya Bila Kujifungia Mlango

Bendi unayoipenda imepata mwimbaji mpya na albamu imeshatoka. Kesho asubuhi, kabla hujamaliza chai, kuna mtu atakuuliza: "Vipi, umeisikia?" Atakuuliza wewe kwa sababu miaka yote umejitambulisha kuwa shabiki wa damu, wewe uliyevaa fulana yao mpaka ikapauka. Huwezi kujibu kwamba hujui. Huwezi pia kukiri kwamba umeipenda, maana utaonekana hukumpenda yule wa zamani.

Tulia, niko upande wako. Utaikataa albamu hiyo kwa heshima zote, utaisikiliza kwa siri, utaipenda kwa wakati wako, na siku ukiipenda hakuna atakayekwambia unakula matapishi yako. Wala usione haya kwamba una majivuno. Shabiki asiye na majivuno hanunui tiketi, hagombani kijiweni, na hajui ubeti wa pili.

Hatua ya kwanza: Kasirika kabla hujasikiliza

Zingatia mpangilio huo. Ukianza kwa kusikiliza, wimbo mmoja mzuri utakuharibia hasira yote. Hasira ya mwanzo ni haki yako, ndiyo pole unayompa aliyeondoka. Ina siku zake mbili tatu, nawe zitumie zote.

Ila jihadhari na bendi inayokujua kuliko unavyojijua. Chester Bennington wa Linkin Park alifariki Julai 2017, na kwa miaka saba iliyofuata bendi haikutoa albamu mpya ya studio. Wapo walioapa kwamba hakuna koo lingine litakalosimama pale. Septemba 5, 2024 wakatangaza mubashara kwamba wamerudi, na mwimbaji ni Emily Armstrong, aliyetoka bendi ya Dead Sara ya Los Angeles. Siku hiyohiyo wakatoa wimbo, The Emptiness Machine.

Sasa angalia walivyoupanga. Anaanza Mike Shinoda, sauti uliyoizoea tangu mwaka 2000. Ubeti wa kwanza wote ni wake. Kiitikio nacho ni chake. Wewe uliyekuja umekunja uso unaanza kulegea, kichwa kinatikisika kidogo, maana hapo hakuna mgeni. Ubeti wa pili ndipo mwanamke anaingia, taratibu, karibu anaongea. Kiitikio kinaporudi anapandisha sauti mpaka inakwaruza, na kufikia hapo wewe kiitikio umeshakijua, na unakiimba naye. Waliokwenda kumkataa dakika ya kwanza hawakumkuta. Walipomkuta walikuwa wameshanasa.

Ule ulikuwa ufundi mkubwa, nao ulifanywa kwa upendo. Bendi ilijua unaumia, ikakupa muda. Kwa hiyo kama kweli unataka kukasirika kikamilifu, soma habari na uishie hapo. Wimbo uache kwanza.

Hatua ya pili: Chagua lalamiko moja, ulitunze

Mashabiki wengi huanguka hapa kwa tamaa. Wanalalamikia kila kitu: sauti, mashairi, kava, nywele, fulana mpya. Mtu anayelalamikia kila kitu husahau asubuhi alisema nini, na jioni anajikanyaga.

Yako malalamiko matatu yanayodumu. La kwanza ni kwamba mwimbaji mpya anamwiga wa zamani. La pili ni kwamba hamwigi, kwa hiyo ameharibu. Yote mawili yanafaa, na unaweza kuyatumia ndani ya siku moja mradi wasikilizaji wawe tofauti. La tatu ndilo zuri kuliko yote: "Sina shida naye, lakini wangebadilisha jina la bendi." Hilo lina adabu, halimtukani mtu, na humfanya anayekusikia akuone una msimamo. Tena halikulazimishi kuzungumzia hata wimbo mmoja.

Kabla hujalitumia, kagua historia ya bendi husika. Ukisema Linkin Park wangebadilisha jina kwa kuwa mwimbaji wao wa asili hayupo, akatokea anayejua mambo, umekwisha. Atakukumbusha kwamba bendi ile ilianza mwaka 1996 ikiitwa Xero, na mwimbaji wake alikuwa Mark Wakefield. Chester mwenyewe aliletwa 1999, akiwa mgeni, kuziba pengo la mtu aliyeondoka. Na albamu ya Novemba 2024 wameiita From Zero, jina linalochungulia jina lile la kwanza. Utabaki umeshika kikombe.

Mahali ambapo lalamiko la jina lina nguvu zote ni kwa Sugababes wa Uingereza. Walianza wasichana watatu mwaka 1998: Siobhán Donaghy, Mutya Buena na Keisha Buchanan. Akaondoka mmoja, akaingia mwingine. Akaondoka wa pili, akaingia mwingine. Mwaka 2009 akatoka Keisha, na kuanzia hapo kundi likawa halina hata mmoja wa walioliunda. Albamu ya Sweet 7 ya mwaka 2010 iliimbwa na watu ambao wote walilikuta jina limeshakuwa maarufu. Mashabiki waliouliza hapo jina ni la nani walikuwa na hoja, na wakati ukawapa haki: mwaka 2019 waanzilishi watatu wakalirudisha jina mikononi mwao. Mfano huo uweke karibu. Utakufaa.

Hatua ya tatu: Tumia neno "bado"

Usiseme kamwe "kamwe". Sema "bado". Sema "kwa sasa". Sema "masikio yangu hayajazoea". Maneno hayo yana sauti ya kukataa, ila yanakuachia mlango wa nyuma wazi, na mlango huo utauhitaji mapema kuliko unavyodhani.

Waulize walioikataa AC/DC mwaka 1980. Bon Scott, mtu wao wa mbele, alifariki London Februari 19 mwaka huo. Bendi ilikuwa ndiyo kwanza inashika kasi. Kufikia mwezi Aprili walikuwa wameshamchukua Brian Johnson, Mwingereza wa kaskazini aliyekuwa na bendi iitwayo Geordie, wakaenda naye visiwa vya Bahama kurekodi. Julai albamu ikatoka. Miezi mitano tu! Shabiki yeyote angekuwa na haki ya kusema matanga hayajaisha.

Lakini tazama walichofanya na matanga yale. Kava wakalifanya jeusi lote, kwa maombolezo. Kampuni ya muziki haikulipenda, ikakubali kwa sharti kwamba jina la bendi lizungushiwe mstari wa kijivu ili lionekane. Wimbo wa kwanza hauanzi na gita wala hauanzi na mwimbaji mpya. Inaanza kengele. Inalia peke yake, polepole, kama inavyogongwa kanisani kwa ajili ya wafu, na wewe unakaa unaihesabu. Ndipo gita linaingia chini ya kengele. Kisha ngoma. Johnson anasubiri. Anapofungua mdomo, mazishi yameshafanywa, kila mtu amesimama kaburini kwa muda wake.

Mimi naamini hakuna albamu iliyomuaga mtu vizuri kuliko Back in Black. Hakuna hotuba wala wimbo wa kulia, na nyingi kati ya nyimbo zake ni za starehe kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa starehe. Ikauzwa Marekani peke yake zaidi ya nakala milioni 25. Waliosema "kamwe" mwezi Machi walikuwa na kazi nzito mwezi Agosti. Waliosema "bado" waliingia dukani wima.

Hatua ya nne: Jaza mifuko miwili

Mbishi mzuri hutembea na mifano. Weka ya upande mmoja mfuko wa kulia na ya upande mwingine wa kushoto, halafu utoe kulingana na unayebishana naye. Uzuri ni kwamba huhitaji bendi nyingi. Bendi tatu zinatosha, kwa sababu zinaingia mifuko yote miwili.

Mfuko wa kulia ni wa waliofanikiwa. Peter Gabriel aliondoka Genesis mwaka 1975. Mashabiki walimhesabu kuwa ndiye bendi yenyewe: mavazi, vinyago, hadithi. Wenzake wakatangaza nafasi, wakaja waimbaji chungu nzima kujaribiwa, na aliyekuwa akiwafundisha nyimbo wakati wa majaribio alikuwa mpiga dramu, Phil Collins. Mwishowe wakatazamana. Aliyekuwa akiwafundisha wengine alikuwa anaimba vizuri kuliko wote waliokuja. A Trick of the Tail ya 1976 ikafika nafasi ya 3 Uingereza. Iron Maiden wakamwachisha Paul Di'Anno, wakamchukua Bruce Dickinson, na The Number of the Beast ya 1982 ikawa albamu yao ya kwanza kushika nambari moja nchini mwao. Van Halen wakaachana na David Lee Roth mwaka 1985, akaja Sammy Hagar, na 5150 ya mwaka uliofuata ikawa ya kwanza kwao kushika nambari moja Marekani.

Mfuko wa kushoto: Genesis haohao, mwaka 1997, Collins naye ameondoka. Wakamweka Ray Wilson, wakatoa Calling All Stations, na ziara ya Marekani ikafutwa kwa kukosa wateja. Iron Maiden haohao, na Blaze Bayley, albamu mbili, 1995 na 1998, kisha Dickinson akarudishwa. Van Halen haohao, na Gary Cherone, albamu moja tu ya 1998, basi.

Ukimaliza kuijaza mifuko, nakupa jambo ambalo wabishi wengi hawana, nalo ni sababu. Mwimbaji mpya hufanikiwa pale bendi inapomtungia nyimbo za koo lake. Hushindwa pale anapovishwa koti la mwenzake na kuambiwa atembee. Bayley ana sauti nzito, ya chini, na kwenye nyimbo zilizotungwa wakati wake, hasa zile za giza za The X Factor, sauti hiyo inakaa. Lakini kila usiku jukwaani alitakiwa pia aimbe nyimbo za Dickinson, mtu mwenye sauti ya kupaa, na ziliachwa vilevile zilivyopangwa. Umati ukamsikia anahangaika huko juu, ukamhukumu yeye. Nami nasema hukumu ile haikuwa ya haki. Ukiweza kuyasema haya kijiweni, kwa utulivu, mkono mfukoni, utaonekana umeisikiliza albamu mara nyingi hata kama hujaifungua.

Hatua ya tano: Jua aliondokaje

Kukataa kuna adabu zake kulingana na namna mtu alivyoondoka.

Kama amefariki, usimtumie marehemu kumpiga aliyekuja. Usiseme "angekuwepo fulani asingekubali". Humjui kiasi hicho. Omboleza, nyamaza, mpe mgeni nafasi ya kukohoa.

Kama amefukuzwa, utalazimishwa kuchagua upande, kwa hiyo chagua upesi. Oktoba 2005 Nightwish wa Ufini walimaliza onyesho Helsinki, wakamkabidhi Tarja Turunen barua ya kumwachisha, na barua hiyo wakaiweka hadharani kila mtu asome. Tarja alisomea uimbaji wa opera, na sauti yake ndiyo iliyoipa bendi sura. Mwaka 2007 ikaja Dark Passion Play na Anette Olzon, sauti nyepesi ya pop. Masikini Anette alipokea hasira ambayo haikuwa yake. Barua hakuiandika yeye. Ukiwa upande wa Tarja, gomba na walioandika barua. Anette muache aimbe.

Kama amehama kwa hiari yake, fuata mfano wa watu wa Dar es Salaam, maana hao ni mabingwa. Mwimbaji Muhidini Gurumo alitoka bendi ya Msondo mwaka 1978, enzi ilipoitwa JUWATA, akaenda kuianzisha Mlimani Park, ile tunayoiita Sikinde. Mwaka 1985 akaondoka tena, akaenda Safari Sound. Baadaye akarudi kulekule Msondo alikotoka, akakaa mpaka alipostaafu mwaka 2013. Alifariki Aprili mwaka uliofuata. Mwimbaji mwenzake, Hassan Bitchuka, naye alizunguka katika bendi hizohizo. Kila mmoja alipohama, mji ulichemka. Lawama zilikuwapo, utani wa Msondo na Sikinde ukawa kama wa Simba na Yanga, na watu waliwaita waliohama majina ambayo siyaandiki hapa.

Halafu walikwenda kucheza. Pande zote mbili.

Walikuwa na siri moja inayofaa kuigwa. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina lake: Msondo, Sikinde, na Safari Sound wakawa na Ndekule. Shabiki aliyetaka kubaki alikuwa na cha kubakia nacho hata mwimbaji akiondoka. Alisema "mimi Sikinde damu", na Sikinde ilikuwa bado ipo: magita yale, tarumbeta zile, pale wimbo unapogeuka na watu kunyanyuka vitini. Aliyetaka kumfuata mwimbaji alimfuata, akaingia ukumbi mwingine akakuta mtindo mwingine, akaupenda nao. Hakuna aliyepoteza. Kwa hiyo kabla hujaitupa bendi yako, jiulize mtindo wao ni upi, ukiondoa sauti ya mtu mmoja. Ukiweza kuutaja, umepata sababu ya kubaki ambayo hakuna atakayekucheka nayo.

Hatua ya sita: Sikiliza kwa siri

Sasa muda umefika. Wewe na mimi tunajua ulikuwa unausubiri.

Vaa hedifoni. Kama unatumia Spotify, ingia kwenye mipangilio uwashe usikilizaji wa faragha, maana vinginevyo marafiki zako wanaweza kuona unachocheza, na hakuna kushikwa kubaya kama huko. Usianze na wimbo uliotangulizwa redioni. Huo umeshabishana nao sana. Anza katikati ya albamu, nyimbo zisizosemwa na mtu, ambazo hukuzijengea hoja.

Usikae umetulia kitini kama hakimu. Piga pasi. Osha vyombo. Mikono ikiwa na kazi, masikio huacha ubishi. Wala usicheze wimbo wa zamani dakika moja kabla ya huu mpya. Wimbo wa zamani una miaka yako yote ndani yake: kidato cha pili, yule uliyempenda hakujua, safari ya basi usiku mvua inanyesha. Wimbo wa juzi hauna chochote humo, hauwezi kushinda, na siyo kosa lake. Upe nafasi uanze kukusanya ya kwako.

Kisha chunga mguu. Mdomo unaweza kuubana, mguu hauna siri. Ukiona unagonga sakafu kwenye wimbo wa sita, usiukemee. Umeshavuka. Kilichobaki ni kuwaambia watu.

Hatua ya saba: Vuka polepole, kwa vituo

Usitangaze kwa mkupuo. Leo msifu mpiga dramu. Hakuna anayegombana na mpiga dramu. Baada ya wiki sema, "Ila walivyorekodi, wamerekodi vizuri." Wiki nyingine taja wimbo mmoja, na uutaje kwa sauti ya mtu anayelaumu: "Ule wa sita ndiyo wangeutanguliza, hawa watu hawajui kuchagua." Umeona? Umesifu, na bado unalalamika. Mwezi wa pili useme albamu hii ni ya kusikiliza taratibu, na waliokurupuka kuisifu siku ya kwanza hawakuielewa. Hapo umewapita hata wao.

Kamwe usivuke siku ambayo wote wanavuka. Watakuhesabu kwenye kundi. Ama tangulia kidogo, ama chelewa sana.

Bendi zenye hekima hukujengea daraja, nawe ukilikuta lipite bila aibu. Neal Schon wa Journey alikuwa anatafuta mwimbaji mwaka 2007, akakuta kwenye YouTube video za msanii wa Manila, Arnel Pineda, akiimba nyimbo za wengine na bendi yake. Mwaka uliofuata wakatoa Revelation, iliyouzwa Marekani kupitia maduka ya Walmart. Ndani ya kifurushi, pamoja na nyimbo mpya, waliweka diski ya pili: nyimbo zao kongwe, zimerekodiwa upya kwa sauti ya Pineda. Shabiki aliyekuwa anaona haya alijiambia amenunua kwa ajili ya nyimbo za zamani. Akafika nyumbani akasikiliza zote. Ningependa kila bendi ifanye hivyo.

Onyesho likija mjini, nenda. Simama katikati, siyo mbele ukaonekana umesalimu amri, siyo nyuma ukaonekana umelazimishwa. Wimbo mkongwe ukianza, imba kwa sauti yako yote, kwa sababu huo ni wako na hakuna anayeweza kukuambia unaimba na nani. Mtazame mwimbaji mpya pale anapofika kwenye mstari ule mgumu. Karibu wote hufanya jambo lilelile: hunyoosha kipaza sauti kwa watu. Wengine watasema ameshindwa kuupandisha. Mimi nadhani anakurudishia kilicho chako. Upokee, uimbe.

Hatua ya mwisho: Jiandae kwa yule wa zamani kurudi

Hatua hii hawakuambii wengine, na ndiyo inayoumiza.

La Oreja de Van Gogh ni bendi ya pop ya San Sebastián, Hispania. Mwimbaji wao wa kwanza, Amaia Montero, aliingia 1996 akaondoka mwishoni mwa 2007. Mwaka 2008 akaja Leire Martínez, wakatoa naye A las cinco en el Astoria, na mashabiki wakapita hatua zote hizi tulizozitaja, moja baada ya moja. Mgeni huyo akakaa. Akakaa miaka 16, zaidi ya Amaia mwenyewe. Oktoba 2024 ikatangazwa kwamba wameachana naye, na mwaka mmoja baadaye likaja tangazo kwamba Amaia anarudi.

Unadhani wote walishangilia? Wapo waliolia kwa furaha, waliokuwa wamesubiri tangu ujana wao. Na wapo ambao kwao Leire ndiye alikuwa bendi. Hao walijikuta wanasema maneno yaleyale yaliyosemwa dhidi yake mwaka 2008: hii si bendi tena, wangebadilisha jina.

Siku hiyo ikikufika, usiingie ubishi wa nani ni wa kweli. Hakuna atakayeshinda na urafiki utaharibika. Tengeneza orodha mbili za nyimbo kwenye simu, kila mwimbaji na yake, uzipe majina ya kawaida yasiyochokoza mtu. Na mtu akikubana, akakutaka useme mbele za watu yupi ndiye mwimbaji halisi, mpe soda, mkalishe, umuulize alizaliwa mwaka gani. Jumlisha 15. Aliyezaliwa 1985 mtajie Amaia. Aliyezaliwa 1998 mtajie Leire. Atakukumbatia, atawaambia wenzake wewe ndiye pekee anayeelewana naye kwenye mambo ya muziki, na soda ya pili atanunua yeye.